Kipimo cha Damu Kisitunyime Fidia



Mara nyingi mwenzetu akiumia au kufa kazini, neno la kwanza la mwajiri ni kwamba alikuwa amelewa. Neno hilo likija na karatasi ya maabara iliyoandikwa "mofini imeonekana katika damu", wajane wakaona na mhuri, hunyamaza. Sisi tunasema wasinyamaze.

Mofini hutoka katika kasumba, nayo ni dawa ya hospitali ya kutuliza maumivu makali. Mtu aliyebanwa mkono na mashine huenda akadungwa mofini kwanza, ndipo damu yake ichukuliwe. Je, karatasi hiyo inatuambia nini juu ya saa ya ajali? Haituambii kitu. Tena kodeini, iliyomo katika baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi, sehemu yake hugeuka mofini mwilini. Heroini nayo huishia kuwa mofini, lakini njiani huacha alama yake, ambayo wataalamu huiita monoasetilimofini. Bila alama hiyo, mofini peke yake haitoshi kumwita marehemu mla unga.

Wala wingi wake si hukumu. Mgonjwa wa saratani aliyezoea dawa huishi na kiasi ambacho kingemuua asiyezoea. Na baada ya kifo dawa huweza kuhama mwilini. Ndiyo maana wataalamu hupendelea damu ya mshipa wa paja kuliko ya moyo.

Hatusemi maabara ni adui. Huko Uingereza, daktari Harold Shipman aliwaua wagonjwa wake kwa sindano. Katika faili la mmoja wao aliandika kwa uwongo ili aonekane mtumiaji wa dawa hizo. Mofini iliyokutwa mwilini, pamoja na uchunguzi wa faili lile, ilisaidia kumtia hatiani mwaka 2000 kwa mauaji ya watu 15. Kipimo kilisaidia haki kwa kuwa watu waliuliza.

Basi kila tawi lidai mambo matatu. Kwanza, orodha ya dawa zote alizopewa majeruhi, na saa alizopewa. Pili, kipimo cha kuthibitisha, kwani kile cha haraka hakipambanui vizuri dawa za jamii ya kasumba. Tatu, sehemu ya damu ihifadhiwe ili ipimwe kwingine. Kabla ya hayo, familia isitie dole gumba katika karatasi yoyote.

Umoja ni nguvu!