Barbara Jordan hakupewa mbeleko

Wapo wanaodai kwamba Barbara Jordan aliingia Seneti ya Texas kwa mbeleko ya mahakama iliyoamuru mipaka ya maeneo ya uchaguzi ichorwe upya. Hao wameanzia hadithi katikati. Wakili huyu wa Houston, aliyeanza kazi nyumbani kwa wazazi wake, aligombea ubunge wa Texas mwaka 1962 na tena 1964. Alishindwa mara zote mbili, kwa kuwa kura zilipigwa na kaunti nzima ya Harris, yenye Wazungu wengi, na kura za mtaani kwake zikamezwa. Mipaka mipya iliwapa jirani zake uzito wa kura waliokuwa wamenyimwa. Anayeuita huo upendeleo atueleze kwanza zamani kulikuwa na usawa gani. Mwaka 1966 alichaguliwa, Mweusi wa kwanza katika seneti hiyo tangu 1883.

Dai la pili: alikuwa sauti nzuri, basi. Hotuba yake ya 1974 kuhusu kumshtaki Rais Nixon kweli ilitikisa Marekani. Lakini katika Seneti ya Texas, huko Austin, kazi yake kubwa ilifanyika nje ya jukwaa, akizungumza na maseneta mmoja mmoja, wakiwemo wasiompenda. Alishiriki kupitisha sheria ya kwanza ya Texas ya kima cha chini cha mshahara, kwa ajili ya wafanyakazi ambao sheria ya taifa iliwaacha nje. Mshahara wa kibarua hauongezwi kwa ufasaha peke yake.

Dai la tatu ndilo zito. Mwaka 1972 mpinzani wake Curtis Graves, naye Mweusi, alimshutumu kwamba aliuza eneo lake la seneti ili achorewe kiti cha Bunge la Marekani. Tuseme kweli: eneo lile lilivunjwa, na Seneti ya Texas ikakaa bila Mweusi hadi 1983. Hasara hiyo ilikuwa kubwa, na sioni sababu ya kuificha. Ila neno "aliuza" silikubali. Wapiga kura waliosikia shutuma hiyo walimpa Jordan ushindi mkubwa. Alipofika Washington alipigania Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ipanuliwe, na mwaka 1975 Texas yenyewe ikawekwa chini ya ulinzi wa sheria hiyo, pamoja na raia wake wanaozungumza Kihispania. Kiti alichokiacha 1979 kilirithiwa na Mickey Leland, kisha Craig Washington, kisha Sheila Jackson Lee, Weusi wote watatu.