Malasi ya Moto Wakati wa Baridi



Kila mwaka, mwezi wa tano ukiisha, huku kwetu Katanga tunaanza kutoa triko na makoti katika sanduku. Mugeni anayetoka Kinshasa anashangaa. Hajui kwamba Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na Kolwezi zaidi ya mita 1,400. Mwezi wa sita na wa saba, usiku baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10. Asubuhi watoto wanakwenda ku masomo na mvuke unatoka katika kinywa.

Ni wakati huo vijana wanapenda kuuliza: «Malasi yangu, yale yaliyonukia vizuri mwezi wa kumi, sasa ni kama maji. Sababu gani?» Tena wengine wanajibu upesi: «Ongeza, jimwangie!» Hapana. Tuzungumuze kwanza.

Malasi, ao manukato kama vile vitabu vinasema, yanafika ku pua kwa njia ya hewa. Moto wa mwili unayapandisha pole pole, sawa vile jua linavyopandisha maji ya nguo iliyoanikwa. Basi, kukiwa baridi, yanapanda kwa shida. Harufu nyepesi, kama ya limau, ya machungwa na ya maua mengi, zenyewe hazina maisha marefu, na katika baridi pua inazisikia kidogo tu. Lakini kuna harufu nzito: vanila, ubani, mti wa sandali, pamoja na viungo vya chakula kama karafuu na mudalasini. Mwezi wa kumi, wakati wa joto kali, hizo zinaweza kukulemea na kuumiza kichwa. Wakati wa baridi zinatoka kwa upole, na zinaweza kukaa katika triko tangu asubuhi mpaka magaribi. Ndiyo sababu tunaziita malasi ya moto. Haziongezi moto katika mwili hata kidogo. Ukisikia baridi, vaa koti.

Vitu hivyo vimetoka mbali. Karafuu ni chipukizi la ua, lililochumwa mbele ya kufunguka na kukaushwa. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia. Katika karne ya 19 ikapandwa sana Unguja na Pemba. Mudalasini ni ganda la mti, na ule wa Sri Lanka unajulikana dunia nzima. Wasomaji wa Biblia wanaukuta katika kitabu cha Kutoka, sura ya 30, kati ya vitu vya kutengeneza mafuta matakatifu.

Na vanila? Asili yake ni Meksiko. Wazungu waliipeleka katika visiwa vya Bahari ya Hindi, lakini kule ilikataa kuzaa, kwa sababu wadudu wa kuunganisha ua lake hawakuwako. Katika mwaka 1841, katika kisiwa cha Bourbon, kinachoitwa leo La Réunion, mutoto mutumwa wa miaka 12, jina lake Edmond Albius, akaonyesha namna ya kuunganisha ua hilo kwa kijiti kidogo na kidole. Njia yake inatumiwa mpaka leo, katika Madagaska na hata kwetu Kongo, upande wa Beni, kwa wakulima wa vanila. Watu wengi walitajirika. Yeye mwenyewe alikufa maskini katika mwaka 1880. Kijana anayefungua chupa ya malasi ya vanila afahamu kwamba akili ya mutoto mweusi iko ndani yake.

Watengenezaji wa Paris walichukua harufu hizo wakafanya malasi yenye sifa kubwa. Shalimar ya mwaka 1925 inajulikana kwa vanila yake. Opium ya mwaka 1977, kwa viungo vyake. Lakini mama, usilie kwa sababu hauna feza ya chupa kama hizo. Tangu mwaka 1874 watu wa sayansi wanajua kutengeneza harufu ya vanila bila tunda lake, na ndiyo iliyo katika chupa nyingi za bei ndogo. Chupa isije mbele ya feza ya masomo ya watoto. Na ukiona sokoni jina kubwa kwa bei ya sabuni, jilinde: pengine jina tu ndilo ulilouzishiwa.

Sasa, namna ya kuyatumia.

Kwanza, kuoga. Tusifichane: asubuhi ya mwezi wa saba, maji ya bomba yanakata mikono, na kuna watu wanaoona heri kunyunyiza malasi juu ya jasho la jana. Jasho na karafuu havipatani. Vikikutana vinapigana, na jirani ndiye anayeumia. Tia maji kidogo ku moto, uoge.

Pili, mafuta. Katika wakati wetu wa baridi mvua haiko, hewa ni kavu na ngozi inapasuka. Ngozi kavu haishiki malasi. Jipake kwanza mafuta yasiyo na harufu nyingi, kisha malasi juu yake.

Tatu, mahali. Chagua mahali penye moto wa mwili: chini ya shingo, nyuma ya masikio, katika kiwiko kwa ndani. Mara mbili ao tatu inatosha. Soma vilevile chupa: ile iliyoandikwa «eau de parfum» kwa kawaida ina nguvu kupita «eau de toilette», basi utie kidogo zaidi.

Nne, usiongeze. Hapa ndipo wengi wanapotea. Pua inazoea harufu. Baada ya muda kidogo, wewe hausikii tena malasi yako, lakini anayekaa karibu anayasikia sawasawa. Wakati wa baridi tunafunga madirisha: katika kanisa, katika darasa, katika basi, tunakaa bega kwa bega. Mwenye kuongeza kila saa ni sawa na mutu anayepiga redio kwa sauti kubwa kwa sababu yeye mwenyewe amezoea kelele.

Hili si neno la adabu tu. Mutu mwenye ugonjwa wa pumu, ule wanaita asima, harufu kali inaweza kumufunga kifua. Mama mwenye mimba anaweza kutapika. Mutoto muchanga hana lazima ya malasi. Anatafuta harufu ya mama yake. Na katika miji yetu ya migodi, kuna wababa waliokula vumbi miaka mingi, wanakohoa usiku kucha. Mbele ya kunyunyiza malasi katika chumba kimoja na watu kama hao, toka inje.

Tena, wababa na vijana wanaofanya kazi chini ya ardhi, musikie vizuri. Katika migodi mingi ya ulimwengu, kukitokea hatari, wakubwa wa kazi wanatia katika hewa gazi lenye harufu mbaya sana, ili hata aliye mbali asikie na akimbie. Huko chini pua ni chombo cha kazi, sawa na taa ya kichwani. Weka malasi yako kwa siku ya Mungu. Ku kazi uende na sabuni tu.

Kitu kingine ni mbabula. Sehemu kubwa ya malasi ya chupa ni alkoli, na alkoli inashika moto upesi. Kamwe usijinyunyize karibu na mbabula ao mushumaa. Na usifikiri kwamba malasi yanasafisha hewa ya chumba chenye makala ya moto. Yanafunika harufu ya moshi, lakini gazi la makala linaloua watu katika usingizi halina harufu yoyote. Hakuna malasi yanayolifukuza. Mbabula ilale inje. Watu walale ndani.

Wenye kutaka kujaribu ku nyumba, hii hapa njia rahisi. Ponda kijiko kimoja cha karafuu kavu na kipande cha mudalasini. Tia katika chupa safi na kavu, mimina juu kikombe kidogo cha mafuta ya kujipaka yasiyo na harufu. Funga, weka mbali na jua majuma mawili, ukitikisa kila siku. Kisha chuja kwa kitambaa. Paka tone moja katika kiwiko kwa ndani, ungoje siku mbili. Ngozi ikiwasha ao ikiwa nyekundu, acha: karafuu na mudalasini zina vitu ambavyo ngozi za watu wengine zinavikataa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2005, vitu hivyo viko katika hesabu ya vile ambavyo mutengenezaji anapaswa kuvitaja juu ya chupa. Na mafuta makali yanayouzishwa katika vichupa vidogo, ile essence ya karafuu yenyewe, usipake hivyo hivyo, inachoma.

Asiyetaka kupaka kitu ku mwili, afunge karafuu kumi katika kitambaa na aiweke kati ya matriko katika sanduku. Mwezi wa sita ukifika, nguo zitatoka na harufu nzuri, bila falanga nyingi.

Basi, wapenzi, malasi mazuri ya wakati wa baridi ni yale anayoyasikia mutu aliyekuja kukusalimia kwa mukono: mume, muke, mutoto anayekumbatia shingo yako, rafiki wa karibu. Yule anayepita upande wa pili wa njia hayamuhusu. Kama yeye pia ameyasikia, umetia mengi.

Ya kuzungumuza ku nyumba:

1. Katika jamaa yetu, nani anasumbuliwa na harufu kali? Tumekwisha kumuuliza?

2. Mbabula yetu inalala wapi usiku?

Tubaki na afya. Mpaka mwezi ujao.