Kazi Ina Haki, na Nyumba Ina Haki

Mama wa Isiolo aliyezoea kuamka alfajiri kupokea maziwa ya ngamia yaendayo Nairobi, akimwona bintiye aliyeajiriwa akizima simu ya kazi baada ya Magharibi, hudhani ni uvivu. Sivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Salman naye alimkumbusha Abu Dardaa haki za Mola, nafsi na ahali, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha. Basi tusimlaumu binti. Naye, saa aliyoinyima kazi asiipe mitandao; ampe mama anayemngojea jikoni.