Mnara wa Sevilla umepitwa haraka

Asante mwandishi, makala ni nzuri, lakini Kanisa Kuu la Sevilla huko Hispania lilistahili zaidi ya aya moja. Umeisifu madhabahu yake ya mbao iliyoanza kuchongwa mwaka 1482, na kweli inastahili. Ila mnara wa Giralda umeutaja kwa jina tu! Ule ulijengwa na Waislamu wa dola ya Almohad mwishoni mwa karne ya 12, kwa ajili ya msikiti mkuu wa mji. Ndani yake huna haja ya kupanda ngazi mpaka karibu na kilele. Kuna njia 35 zenye mwinuko wa taratibu, pana kiasi cha kupitisha farasi na mpandaji wake. Mwaka 1401 mapadri walipoamua kujenga kanisa jipya mahali pa msikiti, waliubakiza mnara pamoja na ua wa michungwa. Sehemu ya kengele aliiongeza Hernán Ruiz katika karne ya 16. Kwangu mimi, nakshi za matofali zilizo chini ya kengele hizo ndizo fahari ya jengo zima. Makala ijayo imtaje basi na Ahmad ibn Baso, msanifu aliyeuanzisha.