Mafuta si ya Kuchomwa Tu

Msomaji, mtu akichinja ng'ombe akala nyama, akaitupa ngozi, na kesho yake akaenda dukani kununua viatu vya ngozi, utamwita mwerevu? Hata kidogo. Walakini ndivyo tulivyofanya Changamwe. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa huko Mombasa mwaka 1963 kilitoa petroli, dizeli, mafuta ya taa na mafuta mazito, na karibu vyote vilikwenda motoni. Magunia, mabomba na ndoo zetu zilifanywa kwa chembe za plastiki zilizotoka ng'ambo. Mwaka 2013 kiwanda kikaacha kusafisha mafuta, na matangi yake yakabaki kuwa ghala.

Wako wasemao kuwa dawa ni kujenga kingine kama kile. Mimi nasema hapana. Kiwanda cha mafuta kisichoungana na kiwanda cha kemikali ni nusu ya kiwanda.

Tazama kazi inavyokwenda. Mafuta ghafi yakichemshwa hugawanyika, mepesi juu, mazito chini. Miongoni mwa mepesi mna nafta. Nafta ikichanganywa na mvuke, ikapitishwa katika mabomba yenye joto la nyuzi 800 hivi kwa muda usiozidi sekunde moja, huvunjika ikazaa ethilini na propilini. Hizo ndizo ziitwazo olefini. Ethilini hufanywa polithini ya mabomba ya maji na mitungi. Propilini hufanywa polipropilini ya magunia na mabomba ya sindano. Viwanda hivyo viwili vikiwa katika ua mmoja, nafta haisafirishwi mbali, gesi ambayo ingechomwa bure hupata kazi, na mabaki ya kimoja huwa malighafi ya kingine.

Wapinzani watasema mambo mawili. La kwanza, mtambo wa ethilini hutaka mtaji mkubwa na soko pana kuliko la nchi moja. Ni kweli, nami sibishi. Lakini hoja hiyo yatufundisha kushirikiana, haitufundishi kukaa bure. Tena propilini hupatikana pia katika mtambo wa kuvunja mafuta mazito, ulio ndani ya kiwanda cha mafuta chenyewe. Changamwe haukuwapo, Lekki, nchini Nigeria, upo. Kiwanda cha huko, chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, kilianza kazi mwaka 2024, na kando yake mna mtambo wa polipropilini.

La pili, plastiki huchafua nchi. Kweli tena, ndiyo maana Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Lakini sheria ile haikukataza bomba la maji wala sindano ya hospitali. Kununua plastiki ng'ambo hakupunguzi taka. Hupunguza fedha zetu na kazi za vijana wetu.

Sasa Uganda imepanga kujenga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku huko Kabaale, Hoima. Magari ya umeme yakizidi, haja ya petroli itapungua. Haja ya mabomba na magunia itabaki. Samaki mkunje angali mbichi: olefini zipewe nafasi tangu ramani inapochorwa, kwa soko la Afrika Mashariki yote.

Nawe usomaye kemia leo, utakapoambiwa kuwa kiwanda kipya chajengwa, usiulize petroli tu. Uliza ngozi itapelekwa wapi.