Nati za magurudumu zikazwe kwa kipimo

Malori yanayobeba shehena ya Zambia na Kongo hupanda Kitonga, hupita Iringa, Mafinga na Makambako, kisha hushika njia ya Mbeya hadi Tunduma. Tairi ikipasuka popote katika safari hiyo, namna ya kufunga nyingine ni ileile: fundi au utingo huchomeka bomba la chuma kwenye wili spana, hupanda juu yake na kudunda mpaka nati igome. Mlio wa nati kugoma umekuwa ndio uthibitisho kwamba gurudumu limeshika. Haupaswi kuwa uthibitisho. Gereji za Iringa na Mbeya zinazohudumia magari ya mizigo na abiria zilazimike kukaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia, ile inayoitwa toki renchi, na dereva awe na haki ya kuambiwa gari lake limekazwa kwa kiwango gani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nguvu inayoifikia nati ni uzito uliowekwa kwenye spana mara urefu wa spana hiyo. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita 1 lililolala sawasawa, nati hupata takribani nyutoni-mita 690. Malori mengi makubwa ya kisasa, yenye stadi (bolti zinazopokea nati) 10 za milimita 22 kwa kila gurudumu, huhitaji kati ya 600 na 700, kwa hiyo hapo amepatia. Bomba likiwa la mita 2, kipimo kinapita 1,370. Akianza kudunda, hakuna tena anayeweza kusema ni ngapi. Mtu huyohuyo akisimama kwenye spana ya nusu mita kukaza gari dogo ambalo mtengenezaji wake anataka kama 110, anaipa nati zaidi ya 340, mara tatu ya inavyotakiwa. Mashine ya upepo ya mziba pancha nayo haina nafuu, maana hupiga nati mpaka mwenye mashine atakapoamua kuachia.

Wapo wanaoamini kwamba kuzidisha si kosa, kosa ni kupunguza. Imani hiyo ndiyo inayovunja stadi. Stadi hushika gurudumu kwa kuvutika kidogo na kutaka kurudi, kama mpira wa manati. Ikivutwa kupita uwezo wake hubaki imerefuka, haina tena nguvu ya kubana, na nati huanza kulegea yenyewe. Stadi moja ikilegea, mzigo wake huhamia kwa jirani zake. Hizo hupindwa kila gurudumu linapozunguka, zikachoka, zikakatika moja baada ya nyingine. Aliyekaza mno na aliyekaza kidogo huishia mahali pamoja, tofauti ni kwamba wa kwanza ametoka jasho zaidi. Na katika nyanda zetu za juu hilo si jambo la kinadharia, kwa sababu kwenye mteremko wa Kitonga au wa Iwambi gurudumu lililochomoka halisimami kando ya barabara. Linashuka hadi kwa watu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba fundi mzoefu ana kipimo mkononi. Nauheshimu mkono huo. Unajua nati iliyokula uzi kabla jicho halijaona. Lakini mkono huchoka, na tairi ya saa kumi jioni haikazwi kama ya saa mbili asubuhi. Katika majeshi, fundi anayefunga mtutu mpya wa raifo aina ya M16 hutumia spana ya kupimia, na kitabu chake kinamwekea kiwango cha chini na cha juu. Uzoefu wake haukumwondolea kipimo. Sioni kwa nini basi la abiria listahili uangalifu mdogo kuliko bunduki.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: spana hiyo hudanganyika. Sehemu kubwa ya nguvu ya kukaza huliwa na msuguano, na kama sehemu moja tu ya kumi ndiyo inayoivuta stadi. Uzi wenye kutu hula zaidi, kwa hiyo spana hutoa ishara kabla gurudumu halijabanwa. Uzi uliopakwa grisi pale ambapo mtengenezaji alitaka mkavu huleta kinyume chake. Ni kweli, na jibu lake ni brashi ya waya, kusafisha uso wa rimu, kuondoa rangi iliyopakwa nene, na kuitupa nati iliyochakaa. Kipimo kinamdai fundi kazi safi, na hilo kwangu ni sababu ya kukitaka.

Kuhusu bei, spana ya lori ni ghali kwa fundi wa chini ya mwembe, hilo halina ubishi. Lakini mafundi wa eneo moja, Mafinga au Uyole, wanaweza kununua moja na kuitumia kwa zamu, na wenye malori, ambao ndio wanaopoteza mzigo, wanaweza kuweka moja katika kila gari. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ifundishe matumizi yake kwa vitendo. Wakala wa Vipimo, ambao tayari wanapambana na lumbesa za viazi katika mikoa hii, wapewe jukumu la kuhakiki spana hizi, kwa kuwa spana ya kupimia isiyohakikiwa hupotoka kadiri inavyotumika. Askari wanaokagua magari waulize pia kuhusu ukaguzi wa pili, kwa sababu gurudumu lililofungwa upya hujikalia likianza kutembea na nati hupaswa kuangaliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Lililofungwa Iringa mjini liangaliwe Mafinga, na lililofungwa Mbeya liangaliwe kabla ya kuvuka Tunduma.