Maji Yakijaa Hupwa: Mtoto wa Manga na Mtoto wa Pwani

Nikitaja Manga, msomaji wangu wa Pwani atadhani nasema Arabuni, kwa Wamanga wa majahazi na halua. Sivyo. Manga niisemayo iko bara, katika Kaunti ya Nyamira, nchi ya Wagusii, nchi ya migomba na majani chai, mwendo wa karibu kilomita 800 kwa barabara kutoka Mombasa. Kutoka ukingo wa mlima wake, mbingu ikiwa safi, Ziwa Victoria huonekana likimetameta kwa mbali. Huko niliwasikia watoto wa shule wakijibizana kwa methali ya kwetu: maji yakijaa hupwa.

Methali waliitamka sawasawa, na maana yake ya mtihani waliijua. Lakini nilipowauliza maji hayo huenda wapi yakipwa, walinyamaza. Hawana lawama. Bahari hawajaiona, na ziwa walionalo halijai wala kupwa kwa kiasi cha jicho kutambua. Wamepewa neno, hawakupewa kitu chenyewe.

Kabla ya kuwacheka, natujitazame sisi. Mtoto wetu anayehifadhi Sura ya Ar-Rahman hutaja lulu na marjani. Mimi nami nilizitaja chuoni miaka mingi. Muulize leo marjani ni nini, atakwambia ni pambo, au ni jina la mtu. Nani aliyempeleka mwambani maji yakipwa, akamwonyesha tumbawe, ambalo ni jamaa ya marjani, akamwambia: hili si jiwe, hili ni mnyama? Naam, ni maelfu ya wanyama wadogo, kila mmoja na kinywa chake, waliojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi vijimea vidogo mno, ambavyo huwalisha kwa nguvu ya jua. Maji yakizidi joto, vijimea hivyo hutoka, tumbawe likabaki jeupe. Na joto likidumu, hufa. Ndivyo yalivyokufa matumbawe mengi ya Afrika Mashariki mwaka 1998, na weupe ule ukarudi mwaka 2016 na 2024. Aliyefundishwa kwamba tumbawe ni jiwe hawezi kuuona msiba huu, kwani jiwe halifi.

Wala haya si mambo ya kupitisha wakati. Mtaala mpya wa Kenya umeweka teknolojia ya bahari na uvuvi miongoni mwa masomo ya sekondari ya juu. Lakini nani atalichagua somo hilo, hali miaka yote ya nyuma bahari kwake ilikuwa neno la insha tu? Ndiyo maana nasema saa zile za jioni, baada ya kengele ya shule, zina uzito kuliko tunavyodhani.

Mifano haiko mbali. Huko Unguja, mwamba wa kisiwa cha Chumbe ulihifadhiwa rasmi mwaka 1994, na watoto wa shule wamekuwa wakipelekwa huko, wakavaa miwani ya maji na kuyatazama matumbawe yakiwa hai. Miongoni mwa walinzi wanaowaongoza wamo waliokuwa wavuvi. Na Pemba kiko kisiwa cha Misali, ambacho wenyeji hukisimulia kwa habari za Nabii Khidhri na msala. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1990, mafundisho ya dini juu ya kutunza viumbe yalitumiwa kuzungumza na wavuvi. Elimu ya bahari, basi, yaweza kukaa pamoja na mvuvi, na yaweza kukaa pamoja na mwalimu wa chuo.

Najua wazee watakaosema: jioni ni ya chuo. Nakubali, wala sitaki Kurani ipunguziwe hata dakika moja. Lakini chuo tayari kinashika hesabu ambayo bahari huifuata. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua; ukiwa nusu, huwa maji mafu. Mwalimu ajuaye leo ni mwezi ngapi ajua pia bahari ikoje. Na bamvua kwetu hupwa mnamo saa nne asubuhi. Basi jioni ziwe za kujifunza majina, mkoko, mchu, muia na mkandaa, na Jumamosi ya bamvua iwe ya kushuka ufuoni pamoja na mzee mmoja mvuvi, ambaye ajuayo hayakuandikwa popote.

Na mtoto wa Manga? Yeye aanze na mto. Gucha hutoka katika milima hiyo ya Nyamira, hubeba udongo wa mashamba hadi Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo hushuka kwa Naili hadi Misri na Bahari ya Mediterania. Asome kijito kikiwa safi kina wadudu gani, na kikichafuka hupotea wepi. Kisha apelekwe Kegati, karibu na mji wa Kisii, penye kituo cha ufugaji wa samaki cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Taasisi hiyo makao yake makuu yako hapa Mombasa. Kumbe bahari ina mlango wake hata huko milimani, na anayeujua mto wake hatakuwa mgeni siku atakapofika ufuoni.

Sisi wa Pwani tuna deni mara mbili. Lugha yetu imewapelekea watu wa bara methali za bahari, na watoto wetu tumewaachia maneno matupu. Haihitajiwi meli wala fedha nyingi kuanza kulilipa. Wahitajiwa mwalimu mmoja wa chuo, mvuvi mmoja, na watoto walioruhusiwa na wazazi wao. Mwezi ujao ukiandama, na wakae wapange Jumamosi ya kwanza.